Kabula Haandiki Faini

Kiseke, Mwanza

Mume wangu, Baba Kabula,

Nakusalimu kabla ya yote, na nimekaa vizuri kwenye kiti ili salamu ikufikie imenyooka. Mimi ni mzima. Mtoto ni mzima. Jicho la kulia ni zima kabisa, na la kushoto daktari anasema linafuata. Wasiwasi wangu ni huko kwenu. Goti limeacha kukusumbua unapoinuka? Mama anakula? Mvua imefika au bado mnaangalia mawingu? Shikamoo yangu kwa mama umpe ukimaliza kusoma mstari huu, usingoje umalize barua, maana barua yenyewe ni ndefu.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Naandika kwa sababu kwenye simu unaniambia, "Fupisha, Mama Kabula, mtandao unakatika," na mtandao haukatiki, ni wewe unakata. Karatasi huna pa kuikatia. Mpwa wako Shija anashuka na lori la mchele hadi Mpanda, nimemkabidhi mkononi na nimemwambia asiikalie. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Kabula alitaka kunisomea kwanza aondoe maneno yaliyozidi, nikamwambia barua ya mume wangu haina mhariri.

Hebu angalia herufi zilivyokaa juu ya mstari. Mwaka jana zilikuwa zinanikimbia. Yule muuguzi aliyenishika mkono siku ya kutolewa mtoto wa jicho alisema, "Mama, wewe hujatetemeka hata kidogo." Nikamwambia nimezaa sita, wanne kati yao nyumbani, jicho moja litanitetemesha nini. Akawaita wenzake waje kuniona. Sisemi kwa kujisifu, nakusimulia ilivyokuwa. Kitambaa kilipotolewa, kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa mwanao. Amekonda kidogo. Paji la uso ni lako lile lile, na ana kovu dogo karibu na sikio ambalo mimi mama yake nilikuwa sijalijua. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na nakushukuru wewe uliyenipandisha basi nikilia kwamba sitaki kwenda.

Sasa nije kwenye jambo lako.

Siku ile kituoni ulinituma mambo mawili: nitibiwe macho, na nikirudi nirudi na Kabula. Ulisema mwenyekiti wa chama cha msingi amekushikia nafasi ya karani mpaka msimu wa pamba uanze, kwamba pale kuna meza, kuna mhuri, na mtoto atakuwa mbele ya macho yetu badala ya kuhangaika mjini na kazi isiyo na ofisi. Nilikubali. Unajua mimi sibishani. Nilikuja na nia hiyo kabisa, na wiki za kwanza sikuiacha. Kwa hiyo usiniruke mstari hata mmoja, soma yaliyotokea kwa mpangilio wake.

Mtoto amepanga vyumba viwili, safi, juu kidogo ambako mawe yanaanza. Asubuhi anaamka, anaoga, anavaa kama mtu wa benki. Siku ya kwanza nikamwuliza, "Unakwenda wapi umependeza hivyo?" Akavuta kiti pale pale mezani, akafungua kompyuta, akasema, "Nimeshafika, mama." Hiyo ndiyo ofisi. Na usidhani anacheza. Nimemwona akiandika sentensi moja, anaifuta, anaiandika tena, mpaka chai inapoa na mimi naipasha mara mbili.

Lile neno lililokuudhi siku tulipopokea mahari ya mdogo wake, alipowaambia wageni, "Mimi ni mwandishi wa kujitegemea," na wewe ukanawa mikono kabla hujashiba, nimemwuliza. Hakuwa na maana kwamba hatutegemei sisi, wala kwamba ametukataa. Ni jina la kazi, Baba Kabula. Maana yake hana mwajiri mmoja. Anaandika, anapeleka kwa wenye majarida, wakiipenda wanaichukua, wasipoipenda anapeleka kwingine. Ni kama wewe na mbuzi wako mnadani, hakuna aliyekuajiri umuuzie yeye peke yake. Aliposikia ulichodhani, alifunga kompyuta. Akasema, "Ndiyo maana baba hakunisindikiza siku ile." Hilo mtaliongea wenyewe.

Anachoandika ni biashara na mazingira pamoja, yaani namna mtu anavyoweza kutafuta riziki bila kumaliza kile kinachompa riziki. Neno lake ni uendelevu. Mimi nililichanganya na maendeleo, nikawa nawaambia majirani kwamba mwanangu anaandika maendeleo. Wakadhani ni mtu wa kata, wakaanza kuniletea malalamiko ya bomba lisilotoa maji. Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa linakuja, na ni langu pia.

Kuna jarida moja la nje lilimpa Kabula kazi kwa mara ya kwanza. Walitaka habari ya wanawake wa ziwani walioacha kuanika dagaa chini mchangani, wakawa wanaanika juu ya chanja. Mhariri alimwambia ikiwa nzuri wataendelea naye, isipokuwa nzuri basi. Siku ya mwisho ya kuipeleka ilikuwa imeshapangwa. Kabula alikuwa amekwisha kupatana na mwenyekiti wa kikundi, Mjita mmoja anaitwa Mama Nyangeta. Akaniambia jioni tukichambua mchele, "Mama, najua baba amekutuma nini. Hii ikiharibika sitabishana tena. Nitarudi nikakae na ule mhuri."

Basi mimi siku mbili kabla ya miadi yake nikateremka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia, ninunue dagaa wa mboga. Unanijua nikiwa na jambo zuri moyoni. Mwanamke aliyekuwa akinipimia aliniuliza tu, "Mgeni, mama?" Swali dogo la adabu. Nami nikamjibu hadi wa nyuma wakasikia. Nikasema mimi nimefuata matibabu, nakaa kwa binti yangu, na binti yangu anaandika mambo ya mazingira. Anaandikia Ulaya. Nikasema mtu akichafua ziwa, akikata miti hovyo, binti yangu anamwandika, na Ulaya nzima inajua.

Wakatazamana. Nikaona wameguswa. Yule wa kipimo akaniongezea kikombe kizima cha nyongeza, hakikupungua hata kichwa cha dagaa, nami nikapanda kilima na furaha yangu. Nilimwambia Kabula, "Huko mwaloni wanaheshimu wasomi."

Siku ya miadi Kabula akaenda. Akakuta chanja tupu, nyavu zimekunjwa, na bibi mmoja amekaa peke yake. "Mwenyekiti yuko Sengerema, kuna msiba." Kesho yake akaenda tena. Msiba unaendelea. Siku ya tatu akaambiwa mwenyekiti amerudi lakini hajisikii vizuri, na wengine wote wameenda kumwona, na alipouliza anakaa wapi, hakuna aliyejua. Alirudi viatu mkononi, mchanga hadi kwenye magoti. Akatoa nguo zake zote kabatini akazimwaga kitandani, akaanza kuzitenga, fungu hili na fungu lile, na mimi nikaelewa moja ni la kuondoka nalo.

Nilipaswa kufurahi. Kazi uliyonituma ilikuwa inajifanya yenyewe. Nilisimama mlangoni na sufuria mkononi, nikasahau nilitaka kupika nini. Nilimtazama alivyokunja lile gauni la mahafali, Baba Kabula, taratibu, kama anakunja nguo ya mtu mwingine. Nikajua sitaki. Sikumwambia, maana sikuwa na cha kumpa mahali pa kile kilichokuwa kinaondoka.

Asubuhi nikateremka mwaloni, dagaa wa nyumbani walikuwa wamekwisha. Yule mwanamke wa kipimo akaniona akashika kiuno.

"Mama, sisi tulikuongezea dagaa."

"Nilishukuru, mwanangu."

"Sasa mwambie binti asituandike."

"Asiwaandike nini?"

"Faini, mama. Mwaka juzi bwana afya alituandika kwa ajili ya mifuko ya plastiki, tukalipa. Huyo wako anatuandika mpaka Ulaya. Faini ya huko tunalipia wapi?"

Nilikaa chini pale pale kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kumbe ndivyo walivyonielewa, na walikuwa na haki. Hata huko kwetu, mtu akisema fulani ameandikwa, nani anafikiria gazeti? Tunafikiria mgambo na kitabu cha risiti. Walikuwa wananihonga, mume wangu, nami nikapanda kilima najisifu kwa rushwa ya dagaa.

Nilirudi nikamweleza mtoto ukweli wote. Alinitazama. Akasema, "Mama, ulisema ninawaandika?" Nikasema ndiyo. Akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu akalia kidogo pia.

Kesho yake nikavaa kitenge ulichoninunulia Krismasi, nikateremka peke yangu. Nikamwuliza yule wa kipimo mwenyekiti yuko wapi. Hakusema, alielekeza kwa midomo tu nyuma ya magunia. Mama Nyangeta alikuwepo, mzima wa afya, hana msiba wowote, anashona wavu. Mwanamke mpana, sauti ya kuitia mtumbwi ulio mbali. Nikapiga goti kidogo, nikamwambia, "Mama, mwongo ni mimi. Mwanangu hana kofia ya serikali, hana mhuri, hana kitabu cha risiti. Anaandika habari tu, jinsi mnavyofanya kazi, watu wasome. Mimi nilimkuza kwa maneno. Nilimkuza kwa sababu nampenda, na kwa sababu wenzangu wote watoto wao wana ofisi."

Aliendelea kushona. Baadaye akasema polepole, wenzake wasisikie, "Wangu yuko Dodoma. Huku nasema ni mkubwa ofisini. Anafungua geti."

Tukakaa. Nikamsaidia kushika wavu upande wa pili.

"Haya, aje," akasema. "Lakini asije na karamu."

Nikashangaa. "Karamu ya nini, mama, wakati hata hatujazoeana? Sisi wenyewe asubuhi tumekunywa uji tu."

"Nimesema asije na karamu. Nikiiona karamu tu, tunaondoka wote."

"Hana karamu, mama. Hata wali hajui kuupika vizuri."

Mama Nyangeta akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Akachomoa kijiti kwenye wavu, akaandika hewani, hivi, mbele ya pua yangu. Kumbe ni kalamu. Kwa ulimi wake kalamu inatoka karamu, na mimi Msukuma sina pa kumcheka, wewe mwenyewe ulinicheka mwaka mzima tulipooana kwa namna nilivyosema "kalibu" badala ya "karibu". Tulicheka mpaka akina mama wakaja kuona kuna nini, na yeye akawasimulia, "Huyu nimemkataza karamu, anasema wamekunywa uji." Walicheka mmoja baada ya mwingine jinsi habari ilivyokuwa inawafikia. Pale pale nikaona mabega yao yameshuka.

Kabula akaenda bila kalamu. Alifunga kanga kiunoni akawageuza dagaa nao tangu jua linatoka. Mimi nilikaa kivulini na jicho langu, naona kila kitu. Chanja ni kama kitanda kirefu cha nguzo, juu yake umetandazwa wavu, dagaa wanalala pale upepo ukipita juu na chini. Zamani walikuwa wanamwaga mchangani, mvua ikinyesha wanaoza, wanaopona wanakuwa na mchanga, wanauzwa wawe chakula cha kuku. Sasa wanakauka haraka, wanaliwa na watu, na kile kilichokuwa kinatupwa kinabaki kuwa mboga. Ziwa linatoa wale wale, lakini hawapotei. Hapo ndipo nilipoelewa lile neno lake, na sikuelewa kwa kuelezwa, nilielewa kwa kuona.

Siku ya pili Kabula akauliza, bila kuinua kichwa, "Nguzo hizi mnatoa wapi?"

Mikono ikasimama juu ya dagaa. Mimi nikatamani kumfinya. Nguzo wanakata vichakani, na mchwa wanazila, inabidi wakate nyingine. Mama Nyangeta akasema ndivyo ilivyo, akasema wamepanda miti michache nyuma ya kanisa lakini haijafika unene wa mkono. Halafu akamwambia, "Wewe binti, haya yote utayakumbuka kweli? Kesho lete hiyo karamu yako."

Alipomaliza kuandika aliwasomea kwanza, kwa Kiswahili, wote wamekaa juu ya magunia. Hakuna aliyemwagiza. Alisema si vizuri habari ya mtu ifike Ulaya kabla haijamfikia mwenyewe. Waliposikia majina yao walikuwa wanagusana mabega. Alipofika kwenye nguzo, yule wa kipimo akasema, "Hapo futa, dada. Umeanza vizuri, mbona unatuharibia?" Nami kimoyomoyo nilikuwa upande wake. Mama Nyangeta akasema, "Iache. Ni kweli. Huenda kuna mtu huko anajua nguzo isiyoliwa na mchwa, naye akisoma sifa tupu atatuambiaje?"

Ikaenda. Tulikaa siku nne. Mafungu ya nguo yalikuwa bado kitandani, usiku anayahamishia kwenye kiti, asubuhi anayarudisha, na mimi siulizi. Siku ya nne mchana nikiwa natia matone kwenye jicho, nikamsikia amesimama ghafla. Akasema, "Wameichukua, mama. Mhariri anasema pale penye nguzo ndipo alipoanza kuamini mengine yote." Akasoma tena. "Wanataka nyingine." Nilipiga vigelegele na matone yananitiririka shavuni. Mama mwenye nyumba akaja mbio kuuliza nani anaolewa. Nikamwambia, na nakiri nilimwambia kwa kirefu, lakini safari hii nilisema mwanangu anaandika habari, sikusema anaandika watu.

Jioni akaniuliza, "Sasa niandike nini?" Mimi mwanamke wa darasa la saba nikaulizwa swali hilo na msomi. Nikamwambia aandike ngitili yako. Ile sehemu ya malisho unayoizungushia miiba masika yote, hakuna ng'ombe kuingia, mpaka kiangazi nyasi za wenzako zikiisha ndipo unafungua. Nikamwambia walivyokucheka tulipohamia huko, wakakuita bahili wa majani, na mwaka ule wa ukame walivyokuja mmoja mmoja kuomba. Kabula aliweka kikombe chini. Akasema, "Mama, baba anafanya kile kile ninachokiandika." Nikamwambia mimi niliona zamani, nilikuwa nangoja aone mwenyewe. Siyo kweli, niliona pale pale kama yeye, lakini usimwambie.

Akamwandikia mhariri. Akamweleza wazi kwamba mtu huyo ni baba yake mzazi. Mhariri akajibu, "Vizuri, sema hivyo ndani ya habari, uende ukamwulize kama unavyomwuliza mtu yeyote."

Basi jibu la ulichonituma ni hili: sirudi na karani. Najua umeahidi, na najua uso wako mbele ya mwenyekiti wa chama ni kitu kikubwa. Nakuomba uende mwenyewe, usimtume mtu, umshukuru kwa kukushikia nafasi, umwambie ampe mwingine anayeingoja. Ukikasirika, nikasirikie mimi nikifika wiki ijayo, nitakuwa nimekaa karibu.

Nisalimie mama, nimemwekea kilo ya dagaa wasio na mchanga, atafune bila hofu ya meno. Nisalimie Holo, kitinda mimba wetu, umwambie ugali anaokupikia nimeusikia hadi huku kwamba ni mzuri. Nisalimie shemeji yangu kaka yako na mkewe walionikopesha begi, nalirudisha zima. Nisalimie mchungaji na akina mama wa kwaya, waambie maombi yalifika.

Kabula anakuja nyuma yangu baada ya siku kumi, atakaa wiki moja. Atatembea nawe ngitilini, na atakuja na daftari. Nimebakiwa na ombi moja. Akikuuliza kwa nini unafunga malisho wakati nyasi ni nyingi, usimjibu, "Hata hilo hujui na umekulia hapa?" Anajua, Baba Kabula. Anauliza ili uliseme wewe.

Mkeo anayekushukuru kwa mengi,
Mama Kabula